Kuchagua Mtaa wa Kuishi: Kijana Mfanyakazi katika Mji wa Dar es Salaam

Kijana anayemaliza masomo na kupata kazi mjini hukabiliwa na maswali mengi, lakini moja humfikia kabla hata ya mshahara wa kwanza: nitakaa wapi? Swali hilo huonekana dogo, tena la mtu binafsi. Aghalabu hujibiwa kwa hesabu ya mambo matatu, yaani kodi ya chumba, nauli ya kwenda kazini na usalama wa mali. Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba swali hilo lina historia ndefu, na kwamba jinsi vijana wa vizazi mbalimbali walivyolijibu katika mji wa Dar es Salaam imesaidia kujenga utamaduni wa taifa letu kuliko inavyodhaniwa.

Hivi karibuni mpwa wetu, aliyekuwa amepata ajira ya uhasibu, alikuja kututaka shauri. Baada ya kutuamkia na kunywa chai alisema, "Mjomba, natafuta mahali pa kupanga. Kodi nitajitahidi. Mtaa wowote ni sawa, ilmradi pasiwe uswahilini."

Tukamwuliza, "Kwani uswahilini pana nini, mwanangu?"

Akacheka kidogo. "Mjomba nawe! Vumbi, kelele, na kila mtu anataka kujua mambo yako."

Hatukumjibu papo hapo, kwa kuwa neno lile lilitugusa. Kijana huyu alilelewa kwa Kiswahili. Alijifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili. Siku atakapoposa, atasemewa kwa Kiswahili. Iweje basi jina la mahali wanapokaa Waswahili liwe jina la mahali pa kukimbiwa? Jibu limo katika historia ya mji wenyewe, nasi twaomba msomaji afuatane nasi humo.

Mji Uliogawanywa

Wahenga walisema: usione vyaelea, vimeundwa. Mitaa ya mji nayo iliundwa. Kabla ya mji palikuwapo Mzizima, kijiji cha wavuvi na wakulima kando ya bahari. Katika miaka ya 1860 Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga bandari na majumba karibu na kijiji hicho, lakini alifariki mwaka 1870 na kazi ikazorota. Wajerumani waliweka kituo chao hapo mwaka 1887, na mwaka 1891 wakahamisha makao makuu ya serikali yao kutoka Bagamoyo kuja Dar es Salaam.

Mwaka huohuo wa 1891 ilitolewa amri ya ujenzi iliyogawa mji kwa aina ya nyumba. Upande wa mashariki, unaopata upepo wa bahari, ulitengewa nyumba za namna ya Ulaya. Sehemu ya kati ilitengewa nyumba imara za makazi na biashara. Upande wa bara ukaachiwa nyumba za kienyeji, yaani zile za miti, udongo na makuti. Waingereza walipoutwaa mji katika Vita Kuu ya Kwanza waliurithi mgawanyo huo, na mwaka 1924 wakauthibitisha kwa kanuni zao wenyewe, zenye kanda tatu. Watu wa mjini hawakuhitaji kusoma kanuni hizo. Waliziita kanda hizo kwa majina yaliyosema ukweli bila kuuficha: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Yafaa mwanafunzi aiangalie vyema hila iliyokuwamo. Sheria zilitaja nyumba, hazikutaja rangi ya mtu. Mbele ya macho ya dunia serikali ya kikoloni iliweza kudai kwamba haimzuii Mwafrika kukaa popote, mradi ajenge nyumba inayotakiwa. Lakini karani wa Kiafrika angeipata wapi fedha ya kujenga nyumba ya Kizungu, ikiwa mshahara wake ulipangwa kwa rangi yake? Hivyo rangi iliyokosekana katika kanuni za ujenzi ilipatikana katika daftari la mishahara, na matokeo yakawa yaleyale.

Kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika pakaachwa uwanja mpana, nao ndio Mnazi Mmoja. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya afya. Ng'ambo ya uwanja huo ikakua Kariakoo, ambayo jina lake latukumbusha msiba. Wakati wa vita, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza, "Carrier Corps", kilipiga kambi mahali hapo. Wapagazi hao walichukuliwa kutoka vijijini kubeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao, na maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa, maradhi na uchovu. Vita vilipokwisha, jina la kikosi lilibaki katika vinywa vya watu likawa jina la mtaa. Kila anayeshuka Kariakoo kununua kitambaa au sufuria hutamka jina la wapagazi wale, ajue asijue.

Humo Uswahilini walikaa Wazaramo wenyeji wa pwani, Wanyamwezi na Wamanyema waliofika na misafara, Wandengereko na Wamatumbi wa kusini, Wanubi waliokuwa askari, Wangazija na Waarabu maskini, na wengine wengi. Uswahilini, basi, halikuwa jina la tabia. Lilikuwa jina la upande wa mji ambao sheria iliwaachia Waafrika, wakautengeneza wenyewe.

Nyumba ya Vyumba Sita

Tumtazame sasa kijana msomi wa zama hizo. Tuseme amemaliza shule ya misheni au ya serikali, anajua kusoma, kuandika na kupiga chapa, na ameajiriwa kuwa karani, tarishi, mwuguzi au fundi wa reli. Kama mwajiri wake ana nyumba za kota, kama zile za reli huko Gerezani, huenda akapewa chumba. Kama hana, atakwenda kwa ndugu. J. A. K. Leslie, afisa wa serikali ya kikoloni, alifanya uchunguzi wa maisha ya Waafrika wa Dar es Salaam mwaka 1956, nao ulichapwa mwaka 1963. Alieleza jambo ambalo kila mhamiaji alilijua tayari: mgeni hufikia kwa jamaa au mtu wa kwao, na mtaa wa jamaa huyo ndio aghalabu huwa mtaa wake wa kwanza. Uchaguzi wa kweli huja baadaye, anapotafuta chumba chake mwenyewe.

Chumba hicho kilikuwa katika nyumba ambayo msomaji aliyekulia mjini ataitambua mara moja. Mbele pana baraza. Ukiingia mlangoni wakuta ukumbi mrefu uliopita katikati, vyumba vitatu kushoto na vitatu kulia. Nyuma pana ua, na uani pana jiko, bafu na choo, vitu ambavyo hutumiwa na wote. Mwenye nyumba hukaa chumba kimoja au viwili na kupangisha vilivyobaki. Wenye nyumba hawakuwa wanaume peke yao, kwani wanawake nao walikuwa miongoni mwao, na kwa wengi wao kodi ya vyumba ndiyo iliyowapa uhuru wa kuishi bila kumtegemea mtu.

Fikirini nyumba moja ya namna hiyo. Chumba cha kwanza yumo Mpogoro mpishi wa Wazungu. Cha pili yumo Mnyamwezi kuli wa bandarini, na mkewe Mzaramo. Cha tatu yumo karani wetu, Mhaya au Mnyakyusa, aliyekuja na sanduku la bati na vitabu viwili. Mama mwenye nyumba hukaa cha mbele. Uani pana jiko moja na ndoo zilizopangwa foleni. Watu hawa wataombana chumvi kwa lugha gani? Wataamua kwa lugha gani zamu ya kufagia choo? Karani aliyejifunza Kiswahili cha vitabu shuleni alikipata Kiswahili chenye uhai uani, kwa wanawake waliokuwa wakichambua mchele, na barazani, kwa wazee waliokuwa wakicheza bao. Utani wa Wazaramo na Wanyamwezi, uliozaliwa katika safari za misafara, ukapata makao mapya ukumbini. Mtu alipofiwa, waliomwoshea maiti wake na kumchimbia kaburi ni wale wa nyumba moja na mtaa mmoja, kwa kuwa ndugu wa damu alikuwa mbali, safari ya siku tatu kwa treni na miguu.

Tusiyapambe maisha hayo kupita kiasi. Vyumba vilikuwa vidogo na joto lilikuwa kali. Bomba la maji lilikuwa la mtaa mzima, na vyoo vilifurika wakati wa masika. Mishahara iliisha kabla ya mwezi, na mashati mengi ya ukarani yalilala kwa wakopeshaji. Ugomvi wa jikoni haukuwa haba. Tena, si haki kusema kwamba karani yule alichagua kuishi na watu wa kila namna. Sehemu kubwa ya uchaguzi huo ilifanywa na sheria kwa niaba yake, na pengine kama angeruhusiwa kuhamia penye upepo angehama. Sifa ya watu wale haimo katika kuchagua. Imo katika kile walichokitengeneza mahali walipobanwa.

Walitengeneza nini? African Association, chama cha Waafrika wa kazi na makabila mbalimbali, kilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1929. Klabu ya Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na ile ambayo leo huitwa Simba mwaka 1936, nazo zimedumu hadi leo katika mitaa ya Kariakoo na Jangwani. Bendi za dansi zikaanza kupiga muziki uliochezwa na mtu yeyote mwenye kiingilio, awe wa kabila gani. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilitoa waraka wa kuwakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Mwaka uliofuata, tarehe 7 Julai 1954, TANU ilizaliwa katika mtaa ambao leo huitwa Lumumba, papo hapo Kariakoo. Karani alikatazwa kuwa na kadi, lakini waraka haukuweza kumkataza kukaa kwenye baraza la nyumba yake jioni na kusikia yanayosemwa. Mwalimu Nyerere naye, baada ya kuacha ualimu Pugu mwaka 1955, alijenga nyumba yake Magomeni, miongoni mwa watu wa kawaida, na nyumba hiyo imehifadhiwa kuwa makumbusho. Hata Chuo Kikuu chetu kilifunguliwa mwaka 1961 katika jengo la TANU mtaani Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani mwaka 1964. Wanafunzi wa kwanza wa chuo hicho walitoka darasani na kukanyaga vumbi la uswahilini.

Kwa hiyo, mtu akiuliza ni wapi watu wa makabila zaidi ya mia walianza kuzoea kusema "sisi", tusimwonyeshe ofisi wala ukumbi wa mkutano peke yake. Tumwonyeshe pia ua wa nyumba ya vyumba sita.

Ramani Ileile, Majina Mapya

Uhuru ulipopatikana mwaka 1961, Watanganyika walianza kushika kazi zilizokuwa za wageni, na pamoja na kazi wakapewa nyumba. Kijana aliyekuwa amepanga Ilala aliweza, kwa barua moja ya uteuzi, kujikuta Oysterbay katika nyumba yenye bustani pande zote nne. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962, likabomoa vibanda vingi vya udongo na kujenga nyumba za matofali katika mitaa kama Magomeni. Mwaka 1963 umilikaji wa ardhi wa milele, uliokuwa umeanzishwa na wakoloni, ulifutwa. Azimio la Arusha la mwaka 1967 likamkataza kiongozi kuwa na nyumba ya kupangisha. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa, nayo yakajulikana kuwa nyumba za Msajili. Waafrika wengi wakapata kukaa Upanga na katikati ya mji, ambako zamani walipita wakiwa na mizigo ya wengine.

Hayo yalikuwa mageuzi makubwa, nasi tunayaheshimu. Hata hivyo, historia inatutaka tuseme yote. Katika mpango wa mji uliotengenezwa mwaka 1949 na kampuni ya wahandisi ya Sir Alexander Gibb, maeneo yalikuwa yamepangwa kwa ujazo: ujazo mdogo, ujazo wa kati na ujazo mkubwa. Msamiati huo ulibaki baada ya Uhuru, na wataalamu wa ardhi wanautumia hata leo. Ukiiweka ramani ya ujazo juu ya ramani ya kanda tatu, utaona kwamba ujazo mdogo ulikuwa kule kulikoitwa Uzunguni, na ujazo mkubwa kule kulikoitwa Uswahilini. Jina la rangi lilifutwa, likaandikwa jina la hesabu. Tofauti kubwa, tena njema, ni kwamba mpaka uliweza kuvukwa. Lakini aliyeuvuka alivuka kwa cheo, na mara nyingi hakurudi nyuma kutazama alikotoka. Hapo ndipo neno "uswahilini" lilipoanza kugeuka. Zamani lilitaja watu wote tuliowekwa upande mmoja. Sasa likaanza kutaja wale waliobaki.

Kizazi Chetu na Mitaa ya Mbali

Wakati huo mji ulikuwa ukikua kwa kasi ambayo hakuna mpango ulioweza kuifikia. Sensa ya mwaka 1957 ilihesabu watu 128,742 Dar es Salaam. Mwaka 1967 walikuwa 272,821, mwaka 1978 walikuwa 843,090, na mwaka 2022 walifika 5,383,728. Nyumba za kota, za Shirika na za Msajili zisingeweza kuwatosha. Kwa hiyo, kuanzia mwaka 1974 serikali, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, iliendesha mradi wa viwanja na huduma. Viwanja vilipimwa Sinza, Kijitonyama na Mikocheni, barabara na maji vikapelekwa, na wananchi wakatakiwa wajenge wenyewe. Sehemu zilizokuwa zimejijenga bila kupimwa, kama Manzese, ziliboreshwa badala ya kubomolewa. Nia ilikuwa kuwasaidia wenye kipato kidogo, lakini viwanja vingi viliishia mikononi mwa wafanyakazi wenye mishahara mizuri zaidi. Ndivyo Sinza ilivyopata kuwa mtaa wa vijana wa ofisini.

Sisi tulifika Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990 kwa treni ya reli ya kati, tukiwa na cheti cha sekondari na barua ya kuajiriwa ukarani. Ofisi ilikuwa imeahidi posho ya nyumba. Posho hiyo tuliifuata mlango hadi mlango kwa miezi minane, hata tukaacha kuifuata. Tulifikia kwa baba mdogo huko Magomeni, tukalala ukumbini kwa mkeka pamoja na wanawe wawili, na miezi michache baadaye tukapanga chumba Manzese. Hatukuichagua Manzese kwa kuipenda. Tuliichagua kwa sababu kodi iliwezekana, na kwa sababu ilikuwa kando ya Barabara ya Morogoro, ambako mtu alipata daladala. Wakati huo mabasi ya UDA yalikuwa yamepungua mno. Magari ya watu binafsi yaliyoruhusiwa mwaka 1983 ndiyo yaliyokuwa yakibeba watu, na jina lao lilitokana na nauli ya shilingi tano, ambayo watu waliiita dala.

Usiku mmoja wa masika tulishikwa na homa kali. Hatukuwa na simu, na ndugu zetu wote wa karibu walikuwa Tabora, isipokuwa baba mdogo ambaye hakuwa na habari. Jirani wa chumba cha pili, fundi baiskeli kutoka Kigoma, alisikia tukiweweseka. Alitubeba juu ya baiskeli yake, mkewe akishika taa nyuma, akatusukuma katika matope hadi zahanati, akakaa nasi hadi jua lilipochomoza. Kisha akaenda kufungua kibanda chake cha kazi. Tulipotaka kumlipa alikasirika kwa siku mbili. Wahenga husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Usiku ule tuliuelewa msemo huo kwa namna ambayo mwalimu wetu wa shule, pamoja na bidii yake yote, hakuweza kutueleza.

Miaka ikapita. Tukaoa, tukaweka akiba, tukapata kiwanja pembezoni mwa mji, kama walivyopata wenzetu wengi. Benki ya Nyumba, iliyoanza kazi mwaka 1973, ilikuwa imekwisha kufa mwaka 1995, kwa hiyo tulijenga kwa desturi ya kila mtu: tofali leo, nondo mwakani, bati Mungu akijalia. Mwaka 2002 serikali ilianza mradi wa kupima viwanja 20,000 katika sehemu kama Bunju, Mbweni na Tuangoma, na mji ukazidi kutanuka. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kupita Kimara, na mwaka huohuo daraja la Kigamboni likafunguliwa, na ng'ambo iliyofikiwa kwa pantoni ikawa mtaa wa kupanga. Njia hizo zimewasaidia watu kwa namna ambayo sisi wa zama za kuning'inia mlangoni tunaweza kuipima vizuri.

Lakini hapana budi tukiri kosa letu wenyewe. Katika nyumba mpya tulijenga kwanza ukuta, kisha jiko. Juu ya ukuta tukapachika vigae vya chupa. Hatukujenga baraza. Siku moja, tukiwa tumekaa pale miaka mitatu, tuliona maturubai na viti vya kukodi vikipakiwa kwenye gari mbele ya nyumba ya tatu kutoka kwetu. Tukamwuliza kijana mmoja kulikoni. Akasema mzee wa nyumba ile alikuwa amezikwa juzi. Kwa siku nne kulikuwa na kilio hatua mia moja kutoka kitandani petu, nasi hatukusikia, na hakuna aliyefikiri kuja kutugongea mlango. Hawakuwa na hatia. Mlango wenyewe ulikuwa na geti, na geti lilikuwa na mbwa. Tulikuwa tumeukimbia uswahilini kama mpwa wetu anavyotaka kuukimbia, na tulikuwa tumefaulu.

Hitimisho

Hatusemi kwamba kijana msomi akapange chumba kibovu ili athibitishe uzalendo wake. Vyoo vinavyofurika havina utamaduni ndani yake. Bonde la Msimbazi lilitufundisha hivyo mwezi Desemba 2011, mafuriko yalipochukua uhai na mali, na serikali ikawahamishia wengi Mabwepande. Ni haki ya kila mtu kutafuta maji safi, hewa na usingizi. Tunachosema ni kwamba hewa na ujirani si vitu vinavyopingana, na anayevitenganisha ni mjenzi, si maumbile. Magomeni Kota, mahali pa nyumba za zamani zilizochakaa, yamejengwa majengo ya ghorofa kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikikaa hapo, nayo yalifunguliwa mwaka 2022. Majirani wa zamani walirudi pamoja. Basi inawezekana nyumba kubadilika bila mtaa kufa.

Kwa hiyo, kwa yale maswali matatu ya kodi, nauli na usalama, twamwomba kijana aongeze la nne: nani watakuwa jirani zangu, nami nitakuwa jirani wa namna gani kwao? Aliulize mapema, kabla dalali hajapokea fedha yake. Apite mtaani jioni aone kama watu wanasalimiana. Aulize misiba hushughulikiwa vipi na nani hushika daftari la michango. Na akishahamia, siku ya kwanza ajitambulishe kwa mjumbe na kwa nyumba za pande zote mbili, kwa sababu mgeni asiyejitambulisha hubaki mgeni.

Swali hili linaulizwa sasa katika mji mwingine pia. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu ya nchi Dodoma ulifanywa mwaka 1973, na tangu mwaka 2016 watumishi wa serikali wamehamia huko kwa wingi. Maelfu ya vijana wanatafuta vyumba na viwanja katika mitaa ambayo baadhi yake bado inaanza. Dar es Salaam iligawanywa na wengine kabla hatujapata kauli. Dodoma sehemu kubwa tunaijenga sisi. Ikiwa miaka hamsini ijayo itakuwa na Uzunguni yake na Uswahilini yake, hatutakuwa na Mjerumani wala Mwingereza wa kumlaumu.

Kwa walimu tuna ombi moja. Wapeni wanafunzi kazi ya kuandika historia ya mtaa wao: nani alikuwa wa kwanza kujenga, jina lilitoka wapi, wapangaji wa nyumba moja walitoka mikoa gani, kisima au bomba la kwanza lilikuwa wapi. Wawaulize wazee, kwa kuwa mengi ya hayo hayajaandikwa popote, na wazee wanaondoka nayo.

Ama mpwa wetu, tulimsimulia haya yote, naye alisikiliza kwa adabu, mara nyingine akitazama saa. Hatimaye alipanga Mwananyamala, na alituambia wazi kwamba sababu ilikuwa nauli. Hatukumbishia. Miezi sita baadaye tulimtarajia chakula cha mchana siku ya Jumapili. Alipiga simu asubuhi kuomba radhi. Alisema, "Nisamehe mjomba, leo sitaweza kuja. Tuna msiba mtaani." Tulimwambia akae huko hadi mazishi yaishe, na chakula chake tutamwekea.